Kuziba dirisha, na lile tundu la kupumulia

Najua nimepotea sana. Kulikuwa na test mbili, halafu asaimenti ya kundi ambayo mwishowe kundi likawa mimi na flashi yangu (wahusika mnajijua, sitaji mtu), na juu ya hayo yote, kipupwe. Ninyi mlioko Dar mkisikia baridi mnafikiria feni imewekwa namba tano. Njooni Iringa mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri, muoge maji ya bombani, ndipo tuongee.

Leo nataka kuandika historia. Nasomea ualimu, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Kiswahili, kwa hiyo mnivumilie. Ila hii si ya wafalme wala mikataba. Ni historia ya dirisha wakati wa baridi: wenzetu wa nchi za theluji walifanyaje ili upepo usiwaue ndani ya nyumba zao wenyewe. Ninayo sababu ya kuiandika, na sababu hiyo sijawahi kuisema hapa.

Mwaka jana mwezi huuhuu, mimi na mwenzangu ninayekaa naye geto kule Kihesa tulisema baridi sasa basi. Dirisha letu ni la vile vioo vya vipande vipande vinavyofunguka kama mapezi ya samaki. Viwili havikuwepo tangu tunahamia, kimoja kimepasuka. Tukachukua magazeti ya zamani, tukayakunja, tukasokomeza kila upenyo. Juu yake tukabandika maboksi kwa gundi ya karatasi. Chini ya mlango tukalaza khanga iliyokunjwa. Kazi nzuri kwelikweli, tukapongezana. Kisha tukaingiza jiko la mkaa tulilochemshia maharage, mkaa umeshakolea, mwekundu, hauna hata moshi. Tukasema hili halina neno, moshi umeshaisha. Tukalala joto kama mabosi.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni mlango unagongwa, lakini kwa mbali, kama vile wanagonga nyumba ya tatu. Nataka kuitika, mdomo hautaki. Kichwa kinapasuka. Mama mwenye nyumba alikuwa ameona hatujatoka kuchota maji, na siku hiyo maji yalikuwa ya mgao, yanakatika saa moja, akaona hii si kawaida. Akasukuma mlango kwa bega mpaka kitasa kikaachia. Mwenzangu alitapika pale uani mpaka hana cha kutoa. Mimi nilikalishwa juani, hata shikamoo haitoki. Zahanati walituambia tuna bahati. Mama alilia kwanza, halafu akatusema: "Wanangu, mkaa hauingii chumbani, na dirisha mmeziba! Mngekufa ningewaambia nini wazazi wenu?" Kisha akaingia ndani akayabomoa maboksi yote kwa mikono yake.

Jamani, na mimi Kemia nilisoma mpaka kidato cha nne. Nikafaulu.

Basi swali likabaki kichwani. Sisi baridi yetu ni ya wiki chache na tulikaribia kufa usiku mmoja. Wenzetu ambao majira ya baridi ni miezi sita, wanaziba madirisha kweli na wanawasha moto ndani kweli, wao waliponaje? Nimesoma sana tangu hapo, maktaba na nje ya maktaba. Jibu fupi ni kwamba wengi hawakupona. Waliopona ni wale ambao, wakati wanaziba kila upenyo, waliacha tundu moja kwa makusudi.

Tuanze na jina lenyewe. Dirisha ni neno lililotujia kutoka Kiajemi, na huko maana yake ni mlango mdogo. Waingereza neno lao walilipata kwa watu wa Skandinavia wa kale waliosema vindauga, yaani jicho la upepo. Mimi hilo jina nalipenda. Halisemi jicho la mwanga, linasema la upepo. Moto uliwaka katikati ya nyumba na moshi ulitoka kwenye tundu, kwa hiyo tundu halikuwa pambo, lilikuwa pua ya nyumba.

Kioo nacho ni cha zamani kuliko tunavyodhani. Warumi waliweka vioo madirishani karne ya kwanza baada ya Kristo, na mabaki yake yameonekana kwenye mabafu ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79. Lakini kwa karne nyingi baada ya hapo kioo kilikuwa cha makanisa na matajiri. Mtu wa kawaida Ulaya alikuwa na vibao vya mbao. Ukivifunga unapata joto na giza, ukivifungua unapata mwanga na baridi. Chagua. Wenye ujanja waliwamba kitambaa au karatasi iliyopakwa mafuta, wengine pembe ya ng'ombe iliyochongwa nyembamba mpaka mwanga unapenya, wengine kibofu cha ng'ombe. Ndiyo, kibofu. Mwanga wake nadhani ulikuwa kama wa chai ya rangi.

Walionishangaza kuliko wote ni Wayakuti wa Siberia. Kwao wastani wa Januari ni karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Kabla ya baridi kali kuanza walikwenda ziwani kukata bamba nene la barafu safi, wakalisimamisha kwenye tundu la dirisha, wakaziba pembeni kwa theluji na maji. Maji yakiganda, hiyo ndiyo puti yao. Barafu inakaa hapo mpaka baridi iishe, mwanga unaingia, upepo hauingii. Kuzuia baridi kwa barafu! Mwalimu wangu wa Fizikia angefurahi sana.

Warusi wakulima walikuwa na namna yao. Nyumba zao za magogo zamani hazikuwa na dohani. Jiko liliwaka, moshi ukajaa juu darini, ukatoka mlangoni au kwenye vidirisha vidogo vilivyokatwa kati ya gogo na gogo, vyenye kibao cha kusukuma kutoka ndani. Moto ukiisha, kibao kinarudishwa ili joto libaki. Waliojiweza walitumia mika, lile jiwe linaloachana kurasa kama kitabu. Ulaya ya magharibi wakaliita kioo cha Moscow, na ndiyo maana mpaka leo wanajiolojia wanaita aina hiyo ya mika muskovaiti. (Mika ilichimbwa hata kwetu, milima ya Uluguru, tangu enzi za Mjerumani. Morogoro mpo?)

Kule Uingereza wakaja na vituko. Mwaka 1696 serikali ikaanza kutoza kodi ya madirisha: yakizidi idadi fulani unalipa. Watu wakaziba madirisha kwa matofali, si kwa ajili ya baridi bali ya mtoza kodi, na baadhi ya nyumba hizo bado zinaonekana na madirisha yake vipofu. Mwaka 1746 wakaongeza ushuru juu ya kioo chenyewe. Ushuru ukafutwa 1845, kodi ya madirisha 1851, baada ya madaktari kulalamika miaka na miaka kwamba maskini wanaugua kwenye vyumba visivyo na hewa. Wafaransa waling'ang'ania ya kwao kuanzia 1798 mpaka 1926! Sisi tuliotozwa kodi ya kibanda na Mjerumani kuanzia 1898 angalau hatukuhesabiwa matundu.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe ya kuandaa dirisha, maana hapa ndipo penye utamu.

Kioo kimoja hakizuii baridi. Kinapoa, na hewa ya chumbani ikigusa kile kioo nayo inapoa na kushuka, unahisi upepo miguuni hata kama hakuna upenyo. Kinachozuia ni hewa iliyotulia katikati ya vioo viwili, kama ambavyo masweta mawili membamba yanashinda moja nene. Kwa hiyo karne ya 18 na ya 19, miji kama Vienna, Berlin na Moscow ilizoea fremu ya pili ya majira ya baridi. Inapachikwa vuli, inatolewa joto likirudi. Marekani na Kanada nao walikuwa na madirisha ya dhoruba: kila mwaka baba anapanda ngazi na fremu nzito mkononi, na kila fremu ina namba inayolingana na namba ya dirisha lake, kwa sababu nyumba ya mbao hukaa upande na fremu ya jikoni haitaingia sebuleni. Mwaka 1865 Mmarekani Thomas Stetson alipata hataza ya kubana vioo viwili pamoja na kuziba kingo zake, lakini ilichukua karibu miaka 80 zaidi mpaka vioo vya namna hiyo, kama Thermopane, vikaingia sokoni kwa wingi.

Warusi waliifanya kazi hii kuwa kama sikukuu ndogo. Fremu ya ndani ikirudishwa, nafasi ya katikati inalazwa pamba, au moshi ya msituni, ile mimea laini ya kijani, ili inyonye unyevu. Wengine waliweka kikombe cha chumvi au hata cha asidi kwa kazi hiyohiyo, maana unyevu ukibaki kioo kinaota ukungu mpaka huoni nje. Halafu pembeni kote wanabandika vipande virefu vya karatasi kwa gundi ya unga au kwa sabuni ya kufulia iliyoloweshwa. Sabuni ilipendwa kwa sababu wakati wa kubandua haing'oi rangi. Mambo haya hayakuishia enzi za wafalme. Kwenye maghorofa ya Kisovieti watoto walikata magazeti na mama akapaka sabuni kila vuli, mpaka madirisha ya plastiki yalipoenea miaka ya 1990 na 2000.

Kumbe magazeti yetu ya Kihesa yalikuwa na ukoo. Tofauti ilikuwa moja. Kwenye dirisha la Kirusi lililozibwa kila mahali, kona ya juu kulikuwa na kioo kidogo chenye bawaba zake na komeo lake, ambacho hakibandikwi karatasi hata siku moja. Wanakiita fortochka. Neno hilo nalo, ukifuatilia, limetokana na neno la mlango, mlango mdogo. Sawasawa na dirisha letu! Nje nyuzi 25 chini ya sifuri, na bado mama anafungua fortochka kila siku, chumba kibadilishe hewa, kisha anafunga.

Hawakufanya hivyo kwa kupenda baridi. Walikuwa na neno, ugar, linalotaja hasa ile hewa mbaya ya makaa. Jiko la Kirusi la matofali lina kifuniko ndani ya dohani. Kuni zikishaungua unakifunga ili joto lisipotee angani. Ukifunga mapema, makaa yakiwa bado yanatoa ule mwali wa bluu, hewa yake inarudi chumbani. Haina harufu, haina rangi. Familia inalala inaamka na vichwa, au haiamki. Wapo waliotundika matunda ya mti wanaouita ryabina, mekundu mazuri, kati ya fremu, wakiamini yanazuia ugar. Hayazuii chochote. Lakini naielewa imani hiyo: walijua kuna kitu kinaua wakati dirisha limezibwa, wakakiwekea kinga palepale dirishani.

Gesi yenyewe ilitambuliwa na mkemia wa Uskoti William Cruickshank mwaka 1800: kaboni monoksaidi. Miaka ya 1850 Mfaransa Claude Bernard akaonyesha inavyoua, kwamba inashika damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa. Inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Na mkaa uliokolea, ule usio na moshi tuliousifia, ndio unaoitoa kwa wingi. Moshi ungetukohoza tukatoka. Hii haikohozi.

Miaka hiyohiyo, mwaka 1858, profesa Max von Pettenkofer wa Munich alifanya jaribio ambalo kwa kweli ni letu, ila lake lilikuwa na akili. Aliziba nyufa za chumba chake cha kusomea kwa karatasi na gundi, akapima hewa inavyobadilika kabla na baada. Akashangaa, haikupungua kama alivyotarajia. Akahitimisha kwamba kuta zinapumua. Alikosea, wataalamu wa baadaye wakaonyesha hewa haipiti ukutani kiasi hicho, lakini watu wengi walilala salama mioyoni kwa maneno yake. Mimi kosa la profesa mkubwa huwa linanipa faraja, hasa wiki ya matokeo.

Hii sumu haichagui aliyesoma. Émile Zola, mwandishi maarufu wa Ufaransa, alikufa Paris usiku wa kuamkia tarehe 29 Septemba 1902. Vuli imeanza, moto umewashwa, dohani imeziba, madirisha yamefungwa. Mkewe alipona, yeye hapana. Mpaka leo wapo wanaosema dohani ilizibwa na adui zake. Kwa hoja yangu haibadilishi kitu, chumba kilikuwa kimefungwa.

Korea Kusini ilikuwa kubwa zaidi. Nyumba zao za jadi zina milango na madirisha ya karatasi ngumu, na kila vuli familia ilibandua karatasi kuukuu, ikaosha fremu, ikabandika mpya, wengine wakipachika majani au maua ndani yake karibu na mshikio. Pembeni waliacha ukanda wa karatasi wa kuzuia upepo. Joto lilitoka chini, moshi wa jiko ukipita chini ya sakafu. Zamani ulikuwa wa kuni. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 miji ikahamia kwenye matofali ya makaa ya mawe, rahisi na yanawaka usiku kucha. Sakafu ikipata ufa mmoja, ile gesi inapanda kwenye magodoro. Kwa miongo kadhaa, mpaka miaka ya 1980, vifo vya namna hiyo vilikuwa habari za kila majira ya baridi. Wengi walikuwa wapangaji wa vyumba vya bei rahisi. Wafanyakazi wa viwandani, wanafunzi. Niliposoma "wanafunzi" nilifunga kitabu kidogo.

Picha nyingine isiyonitoka ni ya Leningrad, iliyozingirwa na Wajerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944. Madirisha yalibandikwa karatasi za msalaba ili mabomu yasirushe vioo, na vioo vilipovunjika hata hivyo watu waliweka plaiwudi na mablanketi. Mkate ulishuka mpaka gramu 125 kwa siku kwa wengi. Joto lilitoka kwenye vijiko vidogo vya chuma walivyoviita burzhuika, yaani tuseme bi bwanyenye, na walichoma viti na vitabu. Bomba la kijiko lilipitishwa wapi? Kwenye fortochka. Picha za wakati ule zinaonyesha ukuta mzima wa ghorofa, madirisha yamezibwa, na vibomba vya moshi vimechomoza. Katikati ya njaa ile, bado walihakikisha moshi una njia.

Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973 nchi tajiri zikaanza kuziba tena kwa nguvu mpya. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1976 ya kusaidia nyumba za maskini kuziba nyufa na kutengeneza madirisha, na Februari 1977 Rais Carter akatokea kwenye televisheni na sweta, akiomba watu washushe joto la nyumba hadi nyuzi 18 mchana na 13 usiku. (Nyuzi 13! Karibuni Kihesa.) Mafundi wa mpango ule siku hizi kabla ya kuziba nyumba hupima kwanza jiko na bomba la moshi. Urusi nako, madirisha ya plastiki yaliyokuja badala ya sabuni na magazeti yanabana mno, na kwenye nyumba zenye hita za maji za gesi watu wamekufa kwa sababu hewa haikuwa na pa kuingilia.

Ndiyo hivyo wadau. Bumu lilipoingia tulinunua vioo vitatu, fundi akaja kuvipachika Jumamosi. Kingo za chini tumeziba kwa vipande vya blanketi kuukuu. Kipande cha juu kabisa tumekiacha wazi vidole vitatu, na wavu wa mbu juu yake. Mwenzangu ndiye aliyechagua kipi kiachwe. Jiko linalala barazani, likiwa limezimwa au halijazimwa, kwa sababu hata hivyo vidole vitatu havitoshi kwa mkaa, msije mkasema nimewaruhusu. Usiku tunavaa masweta mawili mawili na soksi.

Mama mwenye nyumba hatuamini bado. Kila jioni anapita, anabisha hodi, anaangalia chini ya kitanda kama kuna jiko, kisha anainua kiganja juu dirishani. Jana alikishikilia pale muda mrefu mpaka akauhisi upepo. "Haya," akasema, "laleni."